Pacha mmoja anaiva, mwingine anaungua: ngozi ya Kulwa hufanya nini juani?

Shikamoo Daktari,

Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi kando ya ziwa huku Sengerema. Wanangu wa mwisho ni mapacha wa kiume, wana miaka saba. Kulwa alizaliwa na ualbino, Doto hana. Wanalala kitanda kimoja, wanasoma darasa moja, wanagombania sahani moja, ila jua likiwaka ndipo kila mmoja anakuwa na njia yake.

Likizo iliyopita walikuja kunisaidia mwaloni kuanika dagaa. Kulwa nilimpaka losheni ya jua asubuhi kabla hatujatoka, ile tunayopewa kliniki, nikamvalisha fulana ya mikono mifupi na kapelo. Kulikuwa na mawingu, nikajua leo nafuu. Tulirudi saa tisa alasiri, nikamkagua, hana kitu. Usiku ndipo akaanza kulia. Masikio, shingo na mikono vimekuwa vyekundu, ukimgusa ni moto. Kesho yake yakatoka malengelenge, na baada ya siku nne tano ngozi ikabambuka. Doto, aliyeshinda kwenye mchanga ule ule, alikuwa ameiva tu, mweusi ti.

Sasa nyumbani maneno hayaishi. Mama mkwe anasema nimemdekeza, nimwache Kulwa juani kidogo kidogo mpaka ngozi izoee, mbona ya mwenzake imezoea. Baba yao anasema ngozi mbovu imeshabambuka na mpya imeota, kwa hiyo madhara yamekwisha. Jirani anashauri losheni ipakwe usiku mtoto akilala ndipo inaingia vizuri, na ikiisha nitumie mafuta ya mgando. Duka la dawa nako wameniuzia vidonge vya vitamini wakisema vinakinga ngozi kutoka ndani. Na Doto kila nikimpaka mwenzake losheni analia naye apakwe, basi nampaka, chupa inaisha upesi.

Jambo jingine: juu ya sikio la kulia la Kulwa pana kidoa kikavu, kinakwaruza kidole, hata ukikipaka mafuta hakilainiki. Kipo miezi sasa, tangu kabla ya safari ile ya mwaloni.

Niliishia kidato cha nne na biolojia niliipenda. Naomba usinijibu kwa mkato kwamba nimkinge na jua, hilo nalijua. Nieleze ndani ya ngozi kunatokea nini, nipate la kumjibu mama mkwe bila kumvunjia heshima.

Mama Kulwa, Sengerema

*

Marahaba, Mama Kulwa.

Tuanze na sikio, maana mengine yote yanaweza kusubiri usome taratibu. Kidoa kikavu kinachokwaruza, kisicholainika kwa mafuta, kilichokaa miezi mahali panapopigwa na jua, kwa mtoto mwenye ualbino, hakitibiwi nyumbani. Kipeleke kliniki ya ngozi. Kwa upande wenu hospitali ya Bugando, Mwanza, si mbali, na daraja la Kigongo–Busisi limeshawaondolea adha ya kusubiri kivuko. Kama wale wa kliniki ya kuzunguka wanaowapa losheni wanafika wilayani mapema zaidi, waoneshe wao. Kikiwa ni kile ninachokidhania, mtaalamu atakigandisha kwa naitrojeni ya kimiminika, sekunde chache tu, kitauma kidogo, kitafanya kigaga na kudondoka. Lakini kikianza kutoa damu, au kikawa kidonda, au kikikua haraka, usingoje kliniki ya kuzunguka. Nenda wiki hiyo hiyo.

Sasa tuingie ndani ya ngozi kama ulivyotaka.

Miale inayounguza hatuioni kwa macho. Ni ya urujuanimno, na inayotufikia ardhini ni ya aina mbili. UVB, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 280 hadi 315, haiendi mbali. Karibu kazi yake yote inaimaliza kwenye tabaka la juu la ngozi. UVA, nanomita 315 hadi 400, inazama chini zaidi na inapita hata kwenye kioo cha dirisha. UVA huharibu kwa kuzunguka: inazalisha ndani ya seli oksijeni yenye ukali, nayo inaunguza herufi za DNA, hasa G. UVB haizunguki. DNA yenyewe inaifyonza.

Herufi za DNA unazikumbuka: A, T, G na C, zimepangwa kwenye nyuzi mbili zilizosokotana, kila herufi ikiwa imeshikana na mwenzake wa uzi wa pili. Pale ambapo T mbili zimekaa jirani kwenye uzi mmoja, au T na C, au C mbili, nishati ya UVB ikiingia herufi hizo jirani zinashikana zenyewe kwa zenyewe, ubavu kwa ubavu, kwa vifungo viwili vya kikemia. Uzi unapinda hapo. Nitakiita kifundo. Kipo na cha aina ya pili, kinachoitwa 6-4, ambacho ni kichache zaidi lakini kinaupinda uzi vibaya zaidi. Kifundo cha aina ya kwanza hakichukui hata sehemu moja ya bilioni ya sekunde kujifunga.

Kwa hiyo mchana ule, Kulwa akiwa anapindua dagaa na kucheka na mwenzake, vifundo vilikuwa vinajifunga kwa maelfu ndani ya seli za shingo yake na masikio yake, na hakuna mshipa wa fahamu unaoweza kuhisi DNA ikipinda. Saa tisa ulimkagua ukaona hana kitu, na kweli kwa macho hakikuwepo kitu. Wekundu wa jua hufika kileleni kati ya saa 12 na 24 baadaye. Ule moto wa usiku ni mwitikio wa ngozi yenyewe kwa kilichotokea mchana.

Mwitikio huo una njia zaidi ya moja. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walionesha kwamba seli zilizopigwa na UVB zinamwaga nje vipande vilivyoharibika vya RNA, molekuli ndugu ya DNA, na seli za jirani ambazo ziko salama zinavinasa vipande hivyo kwa kipokezi kiitwacho TLR3. Zikishavinasa zinatoa kemikali za kuita kinga ya mwili. Kazi za karibuni zaidi zimeongeza kwamba hata ribosomu, zile zinazosoma RNA na kutengeneza protini, zinakwama na kugongana zikikutana na RNA mbovu, na mgongano huo unaiamsha protini iitwayo ZAK, ambayo nayo inaamrisha uvimbe na kifo cha seli. Mishipa midogo ya damu inapanuka, prostaglandini, kemikali za uvimbe na maumivu, zinaongezeka, ngozi inawaka. Mtoto anaamka analia.

Wakati huo huo, kwenye kiini cha kila seli iliyoumia kuna uamuzi unafanyika. Ipo protini iitwayo p53. Siku za kawaida inatengenezwa na kuvunjwa papo kwa papo, kwa hiyo haipatikani nyingi. DNA ikiharibika inaachwa irundikane, na inapofika kiasi inaiwasha jeni ya p21, ambayo inaisimamisha seli: hakuna kugawanyika mpaka vifundo vitolewe. Na kama uharibifu umezidi uwezo wa kurekebisha, p53 hiyo hiyo inaiamuru seli ijiue. Ngozi iliyobambuka siku ile ya tano ilikuwa imejaa seli zilizotii amri hiyo. Zilikufa kwa faida ya Kulwa.

Seli ambazo hazikufa zilikuwa kazini. Fikiria mvuvi anayetengeneza wavu uliochanika hapo hapo mwaloni kwenu: hafungi tundu juu kwa juu, anakata sehemu mbovu yote mpaka kwenye nyuzi nzima, kisha anasuka upya akifuata macho ya upande uliobaki salama. Seli inafanya karibu vile vile. Protini mbili, XPC na DDB2, zinapita kwenye DNA zikitafuta mahali palipopinda. Zikipapata zinaita kundi jingine, ndani yake wamo XPB na XPD, linalofungua nyuzi mbili ziachane kwa urefu mfupi. XPA inahakikisha kweli pana kasoro. Kisha XPF inakata upande mmoja na XPG inakata upande wa pili. Kipande cha herufi kama 30 kinatolewa na kifundo chake ndani. Uzi wa pili ambao haukuguswa unatumika kama kielelezo, herufi mpya zinajazwa, mwisho zinaunganishwa. Aliyeufunua utaratibu huu hatua kwa hatua ni Aziz Sancar, mtoto wa mkulima wa Uturuki, na mwaka 2015 alipata Nobeli ya Kemia pamoja na Tomas Lindahl na Paul Modrich, ambao walichunguza njia nyingine za kurekebisha DNA.

(Inaniuma kidogo kusema, lakini mimea, samaki na chura wana njia ya mkato. Wana kimeng'enya kimoja kinachotumia mwanga wa buluu kukifungua kifundo pale pale bila kukata uzi. Hata kangaruu anacho. Sisi binadamu, na mamalia wenzetu wenye kondo la nyuma, tulikipoteza zamani sana, tukabaki na njia ndefu.)

Jambo la kushika hapa ni mwendo. Vifundo vya aina ya 6-4 husafishwa ndani ya saa chache. Vile vingine, ambavyo ndivyo vingi, havina haraka: baada ya siku nzima kama nusu tu ndivyo vinakuwa vimetolewa. Ukimrudisha mtoto juani kesho yake, unaongeza vipya juu ya kiporo cha jana.

Na sasa nikuambie jambo ambalo naona watu wengi hawaambiwi, hata kliniki. Mashine yote niliyoieleza, p53, XPC, wakataji na wajazaji, Kulwa anayo, na ni nzima kama ya Doto. Ngozi yake haina ugonjwa wa kurekebisha. Wapo watoto wenye ugonjwa huo. Unaitwa kseroderma pigimentosamu, na zile herufi XP kwenye majina ya protini zimetoka huko. Mwaka 1968 James Cleaver wa San Francisco aligundua kwamba seli za wagonjwa hao haziwezi kutoa vifundo. Melanini, ile rangi nyeusi ya ngozi inayozuia miale, wanaweza kuwa nayo, lakini kabla ya kufika miaka 20 hatari yao ya saratani ya ngozi ni zaidi ya mara 10,000 ya watu wengine. Mwanao yuko upande wa pili wa jambo hilo hilo: marekebisho anayo, anachokosa ni kivuli. Kivuli unaweza kumpa wewe. Mashine ya XP hakuna duka linaloiuza.

Hapo ndipo tunamfikia mama mkwe, ambaye hajakosea kabisa. Ngozi kuzoea jua ni jambo la kweli, na lina njia yake. p53 ikishapanda kwenye seli za juu za ngozi, inawasha pia jeni iitwayo POMC. Protini ya POMC ikikatwa inatoa homoni ndogo, alfa-MSH, ambayo inakwenda kwenye seli za jirani zinazoitwa melanosaiti na kutua kwenye kipokezi MC1R. Ndani ya melanosaiti taarifa inapita kwa cAMP, mjumbe mdogo wa ndani ya seli, hadi kwa protini MITF, ambayo inaamrisha kimeng'enya cha tairosinase kiongezwe, na tairosinase ndiyo inayoanzisha utengenezaji wa melanini. Kwamba p53 ndiyo inayoanzisha mlolongo wote huu kulioneshwa na watafiti wa Boston mwaka 2007. Melanini inafungwa kwenye vifuko, inagawiwa kwa seli za jirani, na huko inajipanga juu ya kiini, upande ule jua linakotoka. Huchukua siku mbili tatu. Ndiyo sababu Doto hakuiva siku ile ile.

Angalia mwanzo wa mlolongo huo ni nini: DNA iliyoharibika. Hata Doto hawezi kuiva bila kuumia kwanza. Kuiva ni risiti ya hasara, ila kwake inakuja na kinga ya kesho.

Kwa Kulwa amri inatoka vile vile na melanosaiti anazo, idadi ya kawaida. Aina ya ualbino iliyo nyingi zaidi kwetu Afrika inatokana na jeni ya OCA2. Protini yake hukaa kwenye ukuta wa vile vifuko na kurekebisha uchachu ndani yake. Ikikosekana, ndani kunakuwa kuchachu mno na tairosinase haifanyi kazi inavyopaswa. Basi umwache juani kidogo kidogo mwaka mzima: kila siku vifundo vitajifunga, p53 itapanda, MC1R itapokea ujumbe, na hakuna melanini ya maana itakayotoka. Madoadoa ya kahawia ambayo baadhi ya watu wenye ualbino huyapata usoni na mikononi yasimdanganye mtu kwamba ngozi imeanza kuzoea. Katikati ya doa na doa ngozi iko wazi.

Kwa hiyo mkwe wako mwambie hivi: “Mama, ulilosema ndilo lililomtokea Doto. Ngozi ya Kulwa inapokea amri ile ile, ila haina cha kutoa. Kumzoesha ni kumuumiza mara nyingi badala ya mara moja.” Najua wamama wakwe. Ukianza na Doto atakusikiliza.

Kwa baba Kulwa jibu ni refu kidogo. Kweli, seli zilizokufa zimeondoka na hazirudi. Lakini zinazobambuka ni za juu. Chini kabisa ya tabaka la nje kuna seli zinazogawanyika kuzalisha ngozi mpya, na baadhi ya hizo nazo zilipigwa. Seli ikilazimika kunakili DNA yake kifundo kikiwa bado hakijatolewa, inasoma vibaya. Kosa la kawaida ni C kuandikwa T, na pale C mbili zilipokuwa jirani, zote mbili kuwa T. Kosa hilo la C mbili karibu halipatikani kwa sababu nyingine, kwa hiyo ukilikuta kwenye uvimbe unajua ni jua. Mwaka 1991 watafiti wa Marekani walisoma jeni ya p53 kutoka kwenye saratani 24 za ngozi, za aina ya seli bapa, ambayo ndiyo inayowasumbua zaidi watu wenye ualbino hapa kwetu. Kwenye 14 kati yake p53 ilikuwa imeharibika, na alama za urujuanimno zilikuwa zimo.

Tafakari maana yake. Seli ambayo p53 yake imekufa haisimami tena ikiumia, na haijiui. Siku jua kali linapopiga, majirani zake wazima wanakufa kwa utaratibu na kubambuka, yeye anabaki, na nafasi waliyoacha anaijaza kwa wanawe. Ngozi mpya anayoisifu baba Kulwa inaweza kuwa ndani yake na ukoo wa namna hiyo, na kila kuungua kunaupanua. Ukoo ukishakuwa mkubwa wa kuonekana, huwa ni kidoa kikavu, kinakwaruza, hakilainiki kwa mafuta, na mahali pake papendwapo ni masikio, midomo, shingo na mgongo wa mkono. Vidoa vingi vya namna hiyo haviwi saratani. Hakuna mtu anayeweza kukuambia kwa kuangalia ni kipi kitakuwa, basi vinaondolewa vyote vikiwa bado vidogo, na kwa umri wa Kulwa hilo ni jambo la asubuhi moja.

Sasa mambo ya mikono. Nguo na kivuli kwanza, losheni baadaye. Kapelo unayomvalisha inaficha paji la uso na kuacha masikio na shingo, na ndivyo vilivyoungua. Mtafutie pama yenye ukingo mpana kuzunguka kichwa chote, upana wa vidole vinne na zaidi. Shati liwe la mikono mirefu, kitambaa kilichofumwa kwa kubana. Kiweke mbele ya dirisha, na kama unaona mwanga unachungulia kwenye nyuzi, miale nayo inapita. Shati jepesi la pamba likilowa maji ya ziwa linapitisha zaidi kuliko likiwa kavu, kwa hiyo beba la kubadilisha.

Mawingu yasikulaze. Miale ya urujuanimno hupita kwenye wingu jepesi hadi asilimia 80 na zaidi, huku joto lenyewe likipungua, kwa hiyo mtoto anakaa muda mrefu bila kuona tabu. Mko karibu na ikweta, na ziwa liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambapo miale ni mikali kuliko Tanga au Kilwa. Mchanga mkavu hurudisha kama asilimia 15 ya miale juu, ndiyo maana hata chini ya turubai la mwaloni mtoto hayuko salama sana. Saa mbaya ni kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Kulwa anaweza kujipimia mwenyewe: kivuli chake kikiwa kifupi kuliko yeye, akae ndani. Dagaa ageuze saa moja asubuhi, kazi ipo tu. Na zungumza na mwalimu wa darasa ili kwenye ile mistari ya mchana kabla ya kuruhusiwa asimame chini ya mti au barazani. Walimu wengi hawakatai, hawajaambiwa tu. Hapo hapo omba akae mbele karibu na ubao, maana macho yake nayo yanakosa melanini.

Losheni ya usiku ni kuitupa. Usiku hakuna miale, na losheni haiingii kurekebisha DNA. Inakaa juu ya ngozi ikifyonza na kurudisha miale, na ikishafutika kwa jasho na taulo kazi imekwisha. Mpake robo saa hivi kabla ya kutoka, rudia kila baada ya saa mbili akiwa nje. Kosa la wengi ni kuipaka nyembamba. Namba iliyoandikwa kwenye chupa imepimwa kwa miligramu 2 kwa kila sentimita mraba, na watu huwa wanapaka nusu ya hiyo au chini yake. Kwa Kulwa, nusu kijiko cha chai kinatosha uso, masikio mbele na nyuma, shingo na migongo ya mikono, sehemu nyingine zikiwa zimevaa nguo. Kwa kiasi hicho mara mbili kwa siku, chupa ya gramu 100 itadumu kama wiki tatu. Ikikaribia kuisha, ulizia Kilisun. Inatengenezwa hospitali ya KCMC, Moshi, kwa ajili ya watu wenye ualbino, na hugawiwa bure kwenye kliniki zao. Chama cha Watu Wenye Ualbino kinaweza kukuelekeza zamu ya wilaya yenu. Mafuta ya mgando yanalainisha ngozi vizuri tu, lakini miale yanaipitisha.

Vile vidonge: kama ni vitamini B3 ya aina ya nikotinamaidi, utafiti upo. Australia mwaka 2015 watu 386 waliokwisha kuugua saratani za ngozi walipewa miligramu 500 mara mbili kwa siku au kidonge bandia, na kwa mwaka mmoja saratani mpya zilipungua kwa asilimia 23 kwa waliopewa B3. Inadhaniwa inazipa seli nishati ya kumalizia marekebisho. Hao walikuwa watu wazima. Mtoto wa miaka saba usimpe, na kama bado hujaufungua mfuko rudisha dukani ukanunulie pama.

Amebaki Doto. Mwaka 1979 watafiti wa Marekani walipima UVB inayofika chini ya tabaka la nje la ngozi: kwa ngozi nyeusi ilikuwa asilimia 7 na kidogo, kwa ngozi ya wazungu asilimia 24. Doto amezaliwa na kinga yake na anaivaa kutwa, ya Kulwa inatoka kwenye chupa. Chupa hiyo ni ya mmoja. Doto akilia apakwe, mpake mafuta ya mgando, umwambie hiyo ndiyo yake.